Neno la Kiskoti Lililozaliwa Darasani



Katika mji mdogo ulio chini ya kilima cha shule yetu kuna kibanda cha kutengeneza nywele za wanawake. Juu ya mlango wake fundi wa rangi ameandika neno moja tu kwa herufi nyekundu: GLAMOUR. Kila Jumamosi tushukapo sokoni kununua sabuni na daftari twapita mbele ya kibanda hicho, wala sidhani kama yuko mvulana wa shule hii asiyelifahamu neno hilo kwa sura. Walakini neno halijuliwi kwa sura.

Muhula uliopita ulitokea ubishi katika bweni letu. Mmoja alisema maana ya neno lile ni uzuri. Wa pili akasema ni fahari. Wa tatu akashikilia kwamba ni jina la mwenye kibanda. Kwa kuwa mimi ni mkubwa wa bweni, walinitaka niwaamue. Nami niliona haya kusema sijui, nikawajibu kwa sauti ya kiutu uzima, "Ni uzuri wa kizungu." Wote wakaridhika, taa zikazimwa.

Mimi mwenyewe sikuridhika. Siku ya pili yake nikaingia maktaba, nikaifungua kamusi ya Chambers, ile nzee iliyochanika jalada. Kamusi hiyo asili yake ni Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na kwa sababu hiyo ina maneno mengi ya Kiskoti. Humo nikakuta jambo la ajabu. "Glamour" ni neno la Kiskoti, na asili yake ni "grammar", yaani sarufi. Sarufi! Somo lile lile linalotutoa jasho kila Jumatatu asubuhi ndilo lililozaa neno lililoandikwa juu ya mlango wa msusi!

Tangu siku ile nimetafuta habari za neno hili katika vitabu, na kumwuliza mwalimu wetu wa Kiingereza kila nilipokwama. Haya niliyoyapata nataka kuwaeleza, ninyi wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliotutangulia hapa shuleni. Mwisho nitasema jambo moja linalonihusu mimi mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue Kiskoti ni lugha gani. Uskoti ni nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa kile kile chenye Uingereza. Hapo zamani watu wa milimani na wa visiwa vya magharibi walisema Kigaeli, lugha iliyo mbali sana na Kiingereza. Bali watu wa nchi ya chini walisema Kiskoti, na wengi wakisema hata leo. Kiskoti na Kiingereza ni ndugu waliozaliwa na mama mmoja wakalelewa katika nyumba mbili. Mtu wa London akimsikiliza mkulima wa Aberdeen hushika neno hapa na neno pale, kama mtu wa Mombasa amsikilizapo Mngazija. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, watu zaidi ya milioni moja na nusu walisema kwamba wajua kusema Kiskoti. Wako wanaokiita lahaja, na wako wanaokiita lugha kamili. Ubishi huo nawaachia wenyewe.

Basi tulifuate neno letu tangu chimbuko lake. Wayunani wa kale walikuwa na neno "gramma", maana yake herufi, nalo limetokana na kitenzi "graphein", yaani kuandika. Ufundi wa kuzijua herufi waliuita "grammatike". Warumi wakalichukua neno hilo wakasema "grammatica". Dola ya Warumi ilipoanguka katika Ulaya ya magharibi, lugha yao ya Kilatini haikuanguka pamoja nayo. Ilibaki kuwa lugha ya kanisa, ya sheria, ya uganga na ya vitabu vyote vikubwa. Masomo yaliyohesabiwa kuwa msingi wa elimu yalikuwa saba, na la kwanza lilikuwa sarufi. Kwa hiyo mtu aliposifiwa kwamba amesoma "grammatica", haikuwa na maana kwamba ajua nomino na vitenzi tu. Maana yake ilikuwa kwamba ajua Kilatini, na ajuaye Kilatini ameshika ufunguo wa kila kitabu. Wafaransa wakalitamka neno hilo "gramaire", na kutoka kwao likavuka bahari likawa "grammar" kwa Waingereza na Waskoti.

Sasa fikirini kijiji cha Uskoti, miaka 700 iliyopita. Mkulima ana ng'ombe wake na shamba lake la shayiri. Hajui kusoma, wala baba yake hakujua, wala jirani zake hawajui. Anamwona padre au karani ameshika karatasi yenye alama nyeusi kama nyayo za kuku. Mtu yule anazitazama, midomo yake inachezacheza, kisha anatoa maneno ya mtu aliye mbali, au ya mtu aliyekwisha kufa zamani. Tena kitabu chake chaeleza mwendo wa nyota na nguvu za majani ya dawa, na yote kwa lugha isiyosikiwa na mtu wa kawaida. Je, mkulima yule atasema nini? Atasema mtu huyu ana uchawi. Ndivyo walivyosema. Katika Kiingereza cha zamani lilikuwako neno "gramarye", ambalo mara lilikuwa elimu na mara lilikuwa uchawi. Wafaransa nao, katika neno lao la sarufi, walipata neno jingine, "grimoire", maana yake kitabu cha maneno ya kichawi, na neno hilo wanalo hata leo.

Yuko Mskoti mmoja ambaye maisha yake yaonyesha jambo hili wazi kuliko maelezo yangu. Jina lake ni Michael Scot. Alizaliwa karibu na mwaka 1175. Alisafiri mpaka Toledo katika Hispania, mji uliokuwa na wanavyuoni wa Kiislamu, wa Kiyahudi na wa Kikristo, akajifunza Kiarabu. Mwaka 1217 alimaliza kutafsiri kwa Kilatini kitabu cha al-Bitruji juu ya mwendo wa mbingu. Akatafsiri pia vitabu vya Aristotle juu ya wanyama, ambavyo Waarabu walikuwa wamevihifadhi kwa lugha yao. Baadaye akawa mwanachuoni katika baraza la Kaisari Frederick wa Pili, aliyetawala na kisiwa cha Sicily. Kwa ufupi, alikuwa mtu wa vitabu, aliyetumia siku zake kuhamisha elimu kutoka lugha moja hata nyingine.

Je, watu wa nchi yake walimkumbukaje? Walimfanya mchawi. Karibu na mji wa Melrose viko vilima vitatu viitwavyo Eildon. Wenyeji walisimulia kwamba zamani kilikuwa kilima kimoja, na Michael Scot alimwamuru shetani akipasue kiwe vitatu usiku mmoja. Shetani alipomaliza akataka kazi nyingine, Michael akampa kazi isiyo na mwisho: asokote kamba kwa mchanga wa pwani. Hata Dante, mshairi mkuu wa Italia, alimtia Michael Scot motoni pamoja na wachawi katika shairi lake la Jehanamu. Hayo ndiyo malipo ya kujua sarufi za lugha nyingi mno!

Nawaomba mlikumbuke jina la mtu huyu, maana nitarudi kwake.

Huenda mtaniuliza: kama asili ya neno ni "grammar", herufi L imetoka wapi? Hapa sisi wa Uganda hatuna haki ya kuwacheka Waskoti. Wenzetu Waganda huandika R baada ya E na I, na L kwingineko, kwa sababu masikioni mwao sauti hizo mbili ni kama sauti moja. Ndiyo maana tuandikapo Kiswahili huteleza. Rafiki yangu mmoja aliwaandikia wazee wake barua akiomba kwa unyenyekevu "karamu mbili, moja nyeusi na moja nyekundu." Alitaka kalamu, wazee wakajiuliza shule gani hii ambayo mtoto huandaliwa karamu ya rangi mbili. Mwalimu alipoisikia habari hiyo alituandikia ubaoni: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Twavijua mpaka leo.

Ulimi wa mwanadamu huchoka kurudia R mara mbili katika neno moja, basi huigeuza mojawapo kuwa L. Jambo hili si la Afrika tu. Warumi walimwita mgeni msafiri "peregrinus". Kwa Kiingereza amekuwa "pilgrim". Wafaransa huita mawe ya marumaru "marbre". Waingereza husema "marble". Rangi ya zambarau kwa Kilatini ni "purpura". Kwa Kiingereza ni "purple". Vivyo hivyo katika vinywa vya Waskoti "grammar" likapata ndugu, "glamour". Lile lenye R likabaki darasani na mwalimu. Lile lenye L likatoka nje, likaenda kukaa na wachawi.

Huko nje maana yake ilikuwa nini? Kwa Kiswahili tunalo neno linalolingana nalo kabisa: kiinimacho. Waskoti walisema kwamba mchawi "hutupa glamour" juu ya macho ya watu, wasione kitu kilivyo, ila waone atakavyo yeye. Mwanzoni mwa karne ya 18 mshairi Allan Ramsay alilieleza hivyo katika orodha ya maneno aliyoitia katika kitabu chake cha mashairi. Uko wimbo wa kale wa Uskoti unaosimulia jinsi watu wa kutangatanga walivyofika mlangoni pa bibi mmoja wa kikabaila wakamtupia glamour, bibi yule akamwacha mume na nyumba akafuatana nao. Naye Robert Burns, mshairi mpenzi wa Waskoti, katika shairi moja la mwaka 1789 alifunga vina kwa maneno haya mawili, "glamour" na "grammar", na yote mawili aliyatia katika habari za wachawi. Naona alijua vizuri kwamba ni pacha.

Msidhani mambo hayo yalikuwa mzaha. Sheria ya kuwaua wachawi ilitungwa Uskoti mwaka 1563, nayo haikufutwa mpaka mwaka 1736. Katika miaka hiyo watu wapatao 3,800 walishtakiwa, wengi wao wanawake, na wengi waliuawa. Mwezi wa Machi mwaka 2022 Waziri wa Kwanza wa Uskoti aliwaomba radhi hadharani watu hao waliodhulumiwa, ingawa wamelala makaburini karne nyingi. Hofu ya kitu usichokielewa si jambo dogo.

Wala tusiwaone Waskoti kuwa wajinga peke yao. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki wako waalimu ambao huandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, kisha huyaosha maandishi kwa maji, na mgonjwa akanywa. Hiyo huitwa kombe. Na hirizi ni nini ila karatasi iliyoandikwa ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa? Hapa kwetu Uganda, Mskoti aitwaye Alexander Mackay alifika mwaka 1878 katika enzi ya Kabaka Mutesa. Alikuwa fundi wa mitambo, akachonga herufi za mti kwa mkono wake na kupiga chapa karatasi za kusomea. Watu waliokuja kujifunza waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, na mpaka leo katika Kiganda neno "okusoma" ni kusoma kitabu na pia ni kusali. Popote zilipofika, herufi zilionekana kuwa kitu chenye nguvu kupita wino na karatasi.

Sasa twaweza kuuliza, neno la uchawi limepandaje juu ya mlango wa msusi? Jibu ni kwamba watu walikwenda shule. Mwaka 1496 sheria ya Uskoti iliwaamuru makabaila wawapeleke wana wao wa kwanza wakajifunze Kilatini sawasawa. Hao walikuwa wana wa wakubwa tu. Lakini mwaka 1696 ikatoka sheria nyingine kwamba kila mtaa wa kanisa uwe na shule na mwalimu alipwaye mshahara. Na mwaka 1872 ikawa lazima watoto wote wa miaka 5 hata 13 wasome. Mkulima wa shayiri akaanza kusoma gazeti lake mwenyewe. Mtu ajuaye kusoma hamwogopi msomaji. Kidogo kidogo neno "glamour" lilipungukiwa hofu, likabaki katika hadithi za jioni.

Aliyelitoa katika hadithi hizo na kulipeleka duniani ni Walter Scott, mwandishi wa Edinburgh, aliyezaliwa mwaka 1771 na kufa mwaka 1832. Katika shairi lake refu la mwaka 1805 alisimulia juu ya kitabu cha kichawi kilichozikwa pamoja na Michael Scot katika kanisa la Melrose. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na maneno ya glamour, ambayo kwayo kitu duni huonekana cha thamani na kijana huonekana mzee. Shairi lile lilisomwa sana Uingereza, na Waingereza wakalipenda neno wakalichukua. Walipolitumia wao, halikuwa tena uchawi wenyewe. Lilikuwa ule mvuto wa kitu kinachometameta kwa mbali. Karne ya 20 ilipoleta sinema, neno likawapata waigizaji wa Hollywood, na mwaka 1939 gazeti la wanawake lilianza kuchapwa Marekani likiwa na neno hilo katika jina lake. Kutoka huko si mbali kufika mlangoni pa msusi wetu. Herufi za Wayunani, sarufi ya Warumi, uchawi wa Waskoti, sinema za Wamarekani: yote yamo katika neno moja la rangi nyekundu, na mwenye kibanda hana habari.

Hayo ndiyo maelezo ya neno. Sasa nalitimiza lile nililoahidi.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa kahawa katika miteremko ya mlima Elgon. Mwaka juzi, katika likizo ya Desemba, baba yangu mkubwa aliniita nyumbani kwake. Niliwakuta wazee wawili jirani wameketi pamoja naye. Baba mkubwa akaniwekea kiti, jambo ambalo halifanyiwi kijana wa umri wangu, akatoa mfukoni barua iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya Kiingereza kutoka kwa chama kinachonunua kahawa yake. Akasema, "Mwanangu, tusomee."

Nilisimama nikaisoma barua yote kwa Kiingereza kwanza, kwa sauti kubwa, kama asomavyo kiranja mbele ya shule nzima asubuhi. Hapakuwa na haja yoyote ya kufanya hivyo. Wazee hawakusikia hata neno moja, lakini walitikisa vichwa wakasema, "Mtoto huyu amesoma." Nami nilifurahi sana, siwafichi. Kisha baba mkubwa akaniuliza, "Wasemaje?"

Katika barua ile lilikuwamo neno "forfeit". Sikulijua. Yalikuwamo pia maneno "second payment", nayo niliyajua kuwa malipo ya pili. Ningaliweza kusema, "Baba, hapa pana neno lililonishinda, nipe mpaka kesho nikatafute." Lakini nimekwisha kusoma kwa mbwembwe, wazee wananitazama. Nikasema, "Wasema malipo ya pili ya kahawa yanakuja. Wewe ngoja tu."

Baba mkubwa akangoja. Akangoja Januari yote. Katika Februari jirani mmoja akamwuliza kwa nini hakuonekana ofisini, ndipo tukajua barua ilisema nini. Ilimtaka kila mwanachama apeleke kitabu chake kikaguliwe kabla ya mwisho wa Januari; asiyepeleka atapoteza malipo ya pili. Hiyo ndiyo maana ya "forfeit". Fedha zile zilikuwa karo ya binti yake, dada yangu, aliyekuwa aingie kidato cha tatu. Dada akakaa nyumbani muhula mzima akichuma kahawa, na wenzake wakatangulia.

Baba mkubwa hakunilaumu. Alisema, "Labda mimi sikusikia vizuri ulipoeleza." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Hata hivyo nilinyamaza, nikanyamaza mwaka mzima na zaidi.

Nilipokuwa nikisoma habari za Michael Scot nilikuta jambo ambalo sikulitazamia. Katika miaka ya 1220 Papa Honorius wa Tatu alitaka kumfanya askofu mkuu wa Cashel katika Ireland. Ilikuwa heshima kubwa na mapato makubwa. Yeye akakataa. Sababu yake ilikuwa kwamba hajui lugha ya watu wa huko. Mtu huyu alijua Kilatini na Kiarabu, wafalme walimheshimu, watu walidhani anaweza kupasua vilima. Lakini alipofika penye lugha asiyoijua alisema, siijui. Niliifunga kamusi nikakaa kimya. Dunia ilimwita yeye mchawi, kumbe mchawi nilikuwa mimi. Yeye alikuwa na sarufi. Mimi, siku ile mbele ya wazee, nilikuwa na glamour tu.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa baba mkubwa kabla sijafika hata nyumbani kwetu. Nilimwambia yote: neno lililonishinda, na haya niliyoiona, na uongo wangu. Alikuwa akichambua kahawa, wala hakuacha kuchambua. Baadaye akasema, "Siku ile mimi sikukuuliza kama wajua Kiingereza. Nilikuuliza barua yasemaje." Halafu akamwita dada aje tule.

Tangu siku hiyo nikiletewa barua huenda na kamusi ndogo mkononi. Husoma kimya kwanza, kisha hueleza kwa lugha ya nyumbani, na penye neno lisilojulikana husema halijulikani, tukalitafuta pamoja. Wazee hawatikisi vichwa tena kwa mshangao. Huuliza maswali, na mara nyingine hunisahihisha, kwa maana mambo ya kahawa wayajua kunipita.

Wanafunzi wenzangu, twarudi makwetu kila likizo na daftari zetu na Kiingereza chetu. Ni rahisi sana kuwatupia watu wetu kiinimacho kwa maneno makubwa, nao kwa kutupenda watakubali. Lakini barua ya chama, cheti cha hospitali na hati ya shamba havijali mbwembwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha ujinga, mara nyingi anayeumbuka si yeye, ni mtu mwingine asiye na hatia.

Nanyi ndugu zetu mliotutangulia, ambao wengi wenu sasa mmekaa maofisini na ndio mnaoziandika barua kama zile, nina ombi moja dogo. Mtakapokuwa mkiandika, mkumbukeni mzee aliyekunja karatasi yenu mara nne akaitia mfukoni, akingoja mtoto wa shule arudi likizo. Mwandikieni kwa lugha aisikiayo, au kwa Kiingereza chepesi ambacho mtoto yule hatakuwa na haja ya kukikisia.

Jumamosi iliyopita nilishuka tena sokoni pamoja na wavulana wa bweni langu. Tulipofika mbele ya kibanda nikawasimamisha, nikawaambia, "Siku ile mliponiuliza maana ya neno hili, sikuijua. Niliwadanganya." Kisha nikawaeleza haya yote, tangu Wayunani mpaka msusi. Mdogo wao, wa kidato cha kwanza, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na 'saluni' je, asili yake nini?"

Nikamjibu, "Sijui. Twende tukatafute."